Nilivyompeleka Mama kwa Masista Waliomtoa

Haya, wenzangu wa cherehani. Tangu nirudi mmekuwa mkinijia mmoja mmoja: "Gaudensia, vipi huko Titye? Walimwambia nini mama yako?" Nikimjibu mmoja asubuhi, jioni nasikia habari ile ile imeshaota mapembe. Nimechoka. Nimeandika mara moja tu, anayeona vizuri amsomee asiyeona. Mambo ya nauli na kuaga kwa mwenyekiti nayaruka, hayana utamu.

Mnanijua nilivyo. Mtu akinichekea bila sababu, kwanza naangalia pochi yangu iko wapi. Lakini sikuzaliwa hivi. Tangu darasa la kwanza naitwa "mtoto wa sista", kwa kuwa mama yangu, Yuliana, aliwahi kuwa mnovisi, yule msichana anayelelewa konventi kabla ya kuweka nadhiri. Akatolewa ghafla. Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye, na baba yangu ni yule yule mliyekuja kumzika, ila midomo ya watu haijui hesabu. Kwao, msichana akitoka kwa masista ghafla, basi kuna mwanamume. Mama nikimuuliza hunijibu maneno mawili tu: "Masista walinitoa." Nami nikawachukia masista tangu hapo, ingawa kanisani siachi kwenda.

Ndipo ikaja barua. Masista wanaandika kitabu cha historia ya shirika lao, tangu wale wasichana wa kwanza wa Kiha waliopokelewa na masista wa Kizungu na kufundishwa kusali kwa Kilatini wakiwa peku. Wanamwomba mama afike Titye, atoe maelezo yake na kuyatia sahihi. Atapokelewa stendi ya Kasulu. Chini kabisa wakaongeza kwamba Sista Konsolata, aliyelala naye bweni moja, ni mgonjwa, na anaomba mama aje kabla kitabu hakijaenda kuchapwa.

Hilo neno "sahihi" ndilo lililonichoma. Miaka hamsini na kitu hawakumtafuta hata kwa salamu, leo wanataka sahihi? Nikajua mara moja: wanataka mama akubali kwa mkono wake kwamba aliondoka kwa hiari, ili kitabu chao kiwe safi na aibu ibaki kwetu. Nikaapa. Tutakwenda, mama amwone mgonjwa wake, lakini kalamu hataigusa.

Kumsenga hadi Kibondo

Tuliondoka Jumanne asubuhi kwa mchomoko, ile gari ndogo ambayo dereva husema imebaki nafasi ya mtu mmoja hata kama mmeshakaliana. Tulisubiri saa nzima kwa sababu dereva alikuwa anatafuta tairi la akiba. Nilimuuliza mbona hakulitafuta jana. Akanijibu, "Mama, jana halikuwa limepasuka." Sikuridhika.

Njiani akapanda mama mmoja na dumu la asali. Hakutujua, lakini alifungua kifuko chake na kumpa mama kiazi kitamu cha kuchemsha, bado cha moto. Mama akakipokea kwa mikono miwili na kukila.

Nikamnong'oneza, "Mama, usile vitu vya watu usiowajua."

"Kiazi nakijua," akasema, kwa sauti ambayo gari zima lilisikia.

Yule mama wa asali akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri aanze kutuuzia asali, maana kiazi cha bure huwa na mkia. Alishuka Kibondo sokoni, akatutakia safari njema, akaenda zake.

Kibondo hadi Kasulu

Basi la Kasulu lilichelewa kuondoka, halafu likaenda vizuri. Kwenye kizuizi kimoja askari akapanda kuangalia vitambulisho. Akasimama kwa mama. "Shikamoo bibi. Unatoka wapi?"

"Marahaba. Mwakeye, mwanangu," mama akamjibu kwa Kiha. "Natoka kwangu."

Nikaingilia kati. "Kwa nini unamuuliza yeye tu? Basi zima hili!"

"Nimewauliza wote, mama," askari akasema taratibu. "Wewe ulikuwa umelala."

Mimi silali safarini, lakini abiria wote wakaitikia, "Alikuwa amelala." Haya.

Baada ya hapo nikamuuliza mama: huyo Konsolata ni nani hasa, na anataka nini kwetu?

"Alikuwa Mrundi," akasema. "Mkimbizi. Alivuka Malagarasi akiwa msichana, peke yake. Kwao hakubaki mtu hata mmoja. Masista ndio waliokuwa ukoo wake."

"Na mlipendana?"

"Alikohoa usiku kucha. Nilimzoea. Nikikosa kusikia kikohozi chake, nakosa usingizi."

Nikamuuliza kama huyo ndiye aliyemchongea. Mama akafumba macho na kujifanya amelala, na mimi najua usingizi wake na uongo wake.

Stendi ya Kasulu

Hapa ndipo mlikuwa mnapasubiri, maana najua mama ameshawadokeza. Tulishuka saa tisa. Barua ilisema tutapokelewa, kwa hiyo nikawa natafuta shela la sista. Hakuna shela. Mama akaenda kujisaidia, nami nikabaki na mizigo.

Akanijia mwanamume mrefu, miwani myeusi, faili kwapani. "Samahani mama, mnatokea Kumsenga?"

"Nani kakwambia?"

"Namtafuta Bibi Yuliana."

Wenzangu, hebu oneni. Mwanamume nisiyemjua, mwenye faili, anajua jina la mama na kijiji chetu! Habari za matapeli tunazisikia kila siku redioni: wanakujua jina, wanakuita shangazi, jioni shamba si lako. Nikamtazama machoni, au tuseme miwanini, nikamwambia, "Bibi Yuliana amefariki."

Akavua miwani. "Mungu wangu. Lini?"

"Juzi. Tumeshazika."

Akavua na kofia. Alisimama pale kama aliyepigwa, akasema poleni sana, poleni sana, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Nikajisifu moyoni. Mama aliporudi akaniuliza nilikuwa naongea na nani.

"Tapeli."

"Kakuibia?"

"Hakunipata."

Tulisubiri mpaka jua likapungua. "Unaona?" nikamwambia mama. "Ndivyo walivyo. Walikutoa, na sasa hawaji hata kukupokea." Tukatafuta gesti, halafu hoteli ya ugali wa muhogo na samaki mgebuka. Mezani kwetu akaketi mama mmoja Mkongo, muuza vitenge, aliyekuwa pale stendi mchana kutwa. Mama alipokwenda kunawa mikono, yule Mkongo akaniinamia.

"Mama, ule papa wa malunete ulimwambia nini? Alipita pale kwangu analia."

"Yule tapeli wa miwani?"

"Tapeli gani! Ule ni shofere ya bamasere ya kule Titye. Njo anabebaka mizigo yabo kila siku ya Mardi."

Shofere, yaani dereva. Dereva wa masista. Jumanne. Mgebuka ukanikwama kooni, si kwa mwiba.

Namba ya simu ilikuwa kwenye ile barua, na barua nilikuwa nimeiacha nyumbani makusudi, nisinyang'anywe ushahidi. Mama alirudi na mikono yake safi, akakaa, akala kwa raha. Sikumwambia. Ningemwambiaje mtu kwamba nimemzika?

Kasulu hadi Titye

Jumatano asubuhi tulichukua bodaboda mbili. Njia nzima nilikuwa najipanga: nitashuka wa kwanza, nitamwita sista pembeni, nitaeleza. Lakini bodaboda ya mama ilitangulia, maana mama alimwambia kijana akaze.

Nilipofika, mama alikuwa amesimama nje ya kikanisa, mkono sikioni. Ndani masista walikuwa wanaimba wimbo wa maziko. Kisha ikasikika sauti ya padri, tena wazi kabisa: "Tumwombee marehemu Yuliana, apate pumziko la milele."

Mama akanigeukia. "Gaude, kumbe kuna Yuliana mwingine."

"Huenda," nikasema.

Mlangoni alikuwa amesimama yule dereva. Alituona, akaangusha kitabu cha nyimbo, akaninyooshea kidole. "Ni huyu! Huyu ndiye aliyeniambia bibi amekufa!" Misa ikakatika. Masista wakatoka wakijipiga ishara ya msalaba, padri nyuma yao na mavazi yake ya zambarau, na mimi katikati ya uwanja na mabegi mawili. Nikaungama pale pale, bila kitubio. Nilidhani ni tapeli, nikasema, nikaona nimuue mama kwa mdomo kuliko aibiwe.

Mama akanitazama. "Umenizika bila hata kupika?" akauliza, na ndipo wote wakaanza kucheka, hata padri.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa sista mzee, mwembamba, na fimbo. Alikuja polepole mpaka kwa mama, akamshika mashavu, akayabonyeza kama mtu anayepima parachichi. Huyo ndiye Sista Konsolata. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia usiku mzima, na aibu niliyoisikia pale sitawaficha: nilitamani ardhi inimeze.

Mezani

Aibu haikunikaa sana. Tuliingizwa ukumbi wa kulia: wali, kuku, isombe, kile kisamvu cha mawese, na ndizi. Sista Anita, kijana anayeandika hicho kitabu, aliketi na simu yake ya kurekodia na karatasi nyeupe. Niliiona karatasi, na wasiwasi wangu wote ukarudi. Halafu nikaona jambo jingine. Sista Konsolata, aliyekaa mkabala na mama, hakuwa na sahani. Mbele yake kulikuwa na bilauri ya maji tu.

Nikauzuia mkono wa mama. "Sista," nikasema kwa sauti, "mbona wewe huli? Kwetu mwenyeji huonja kwanza."

Sista Anita akaona haya. "Mama, Sista Konsolata hali siku ya Jumatano. Hata mimi nilimkuta hivyo."

"Kufunga Ijumaa nakujua. Jumatano ni ya nini?"

Sista Konsolata akajibu mwenyewe. "Ijumaa ni yangu. Jumatano ni ya mama yako, ndiyo siku aliyotolewa."

Akaeleza, akikatizwa na kikohozi, na sote tukaacha kula. Siku hizo, alisema, msichana aliyeonekana hafai hakuagwa. Alitolewa kabla ya alfajiri, wakati wa kimya kikuu. Tangu sala ya usiku mpaka kengele ya asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo, hata nyoka akiingia bwenini. Nguo ulizokuja nazo siku ya kwanza zilikuwa zimefungwa na kuwekwa stoo. Mlezi wa wanovisi alikuja gizani, akakugusa mguu, akaweka kifurushi chako kitandani, akaenda kusimama mlangoni. Unavaa, unajifunika kichwa, unamfuata. Wenzako wakiamka, kitanda kitupu, na jina lako halitajwi tena.

"Waliamua nitoke mimi," akasema. "Kwa sababu ya kifua. Mimi, si Yuliana. Lakini jioni ile mvua ilinyesha, paa likavuja juu ya kitanda changu, na Yuliana akanilazimisha tubadilishane. Kengele ikalia, nikaamka kwenye kitanda chake, nikaenda kanisani. Mlezi aliponiona alishika ukuta."

"Na hawakumrudisha?" nikauliza, nimeshasimama.

"Ingebidi waseme mbele ya wanovisi kwamba wakubwa wamekosea. Siku hizo wakubwa hawakukosea. Waliandika kitabuni: ameondoka kwa hiari yake. Mimi nikaachwa nibaki. Nilipokaribia nadhiri za daima nikapewa kifurushi changu nikawagawie maskini. Nikakifungua. Zilikuwa nguo za Yuliana."

Nikapiga meza. "Kwa hiyo mliandika uongo! Na sisi tukabaki tunasemwa!"

"Ndiyo, mama," akasema Sista Anita. "Ndiyo maana tumewaita. Tunataka kuandika ukweli, kwamba alitolewa kwa makosa na hakuwa na doa lolote. Tulihitaji yeye athibitishe."

Nikakaa. Wenzangu, karatasi niliyoiogopa njia nzima ndiyo ilikuwa karatasi ya kunifutia jina la "mtoto wa sista". Nilitaka kumshikisha mama kalamu mimi mwenyewe.

Lakini Sista Konsolata alikuwa anamtazama mama tu. "Yuliana. Kile kitenge changu kilikuwa na kiraka begani. Ulipokishika gizani, hukujua si chako?"

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia mlezi?"

"Kengele ilikuwa haijalia."

"Usinitanie! Ungemvuta hata mkono. Ulijua sina pa kwenda. Ulitoka ili mimi nibaki." Akakohoa. "Maisha haya ni yako. Kila nikila nahisi nakula sehemu yako. Naogopa kufa, Yuliana. Nitamwambia nini Mungu?"

Mama aliinama, akaichezea chembe ya wali mezani. Nilisubiri aseme ndiyo. Kisha akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia.

"Konso, usinipake utakatifu. Mimi nilikuwa natafuta mlango! Unamkumbuka yule fundi aliyekuja kutengeneza mabenchi ya kanisa?"

"Yule mwenye mwanya?"

"Huyo huyo. Ndiye baba yake huyu. Tulikuwa tumeshapatana, nilikuwa sijui tu nimwambieje Mama Mkuu. Niliposikia naguswa mguu nikasema asante Yesu. Hata zingekuwa nguo za mlezi mwenyewe, ningevaa."

Sasa baba yangu mlimjua. Alikuwa mfuga nyuki, na mwanya hakuwa nao. Mizinga yenyewe alichongewa na mjomba. Mama alikutana naye mnadani Kibondo miaka miwili baada ya kutoka konventi, walitusimulia wenyewe kila Krismasi. Nikafungua mdomo. Chini ya meza mama akanikanyaga mguu kwa kisigino, na hakukiondoa.

"Ee Mungu wangu," akasema Sista Konsolata. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka na kukohoa na machozi yanamtoka. "Jumatano zote hizo, Yuliana! Mimi nalala njaa, wewe umelala na fundi!"

Masista vijana waliziba midomo kwa mashela. Sista Konsolata akajifuta macho, akavuta sahani ya mbele ya Sista Anita bila kuomba, akachukua paja la kuku kwa mkono.

Mama akaomba karatasi. Kwa mwandiko wake wa polepole, ule wa shule ya masista, akaandika: Nilitoka kwa hiari yangu. Akatia sahihi. Mguu wangu bado ulikuwa chini ya kisigino chake.

Kurudi

Dereva alitupeleka Kasulu kwa gari la masista. Mimi alinisalimia kwa mbali. Nilivumilia mpaka nikashindwa. Mtu aliyetoka kumfuata fundi haamki saa kumi na moja kila siku ya maisha yake kusali masifu ya asubuhi peke yake jikoni. Nimemsikia tangu nikiwa mtoto.

"Mama," nikasema, "baba hajawahi kushika randa."

"Hajawahi."

"Na sasa kitabu kitasema ulitoka kwa ajili ya mwanamume! Walionicheka miaka yote watasema, mnaona? Tulisema sisi! Ulikuwa na ukweli mkononi, mama. Wao wenyewe walikuwa wanakupa."

"Waache waseme." Akakaza kitenge chake, akatazama nje, kule tulikotoka. "Lakini umeona alivyokula? Sahani mbili, Gaude. Sahani mbili."